VISAHANI VIRUKAVYO: TUHAKIKISHE KABLA HATUJAAMINI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi hutuletea baada ya darsa, limo moja ambalo halimo katika vitabu vyao. Nalo ni hili: je, ni kweli kwamba viko visahani vinavyoruka angani vikiwa vimebeba viumbe kutoka sayari nyingine? Wengine husema wameviona kwa macho yao katika simu za kaka zao. Wengine huongeza kwamba hao si viumbe wa sayari nyingine bali ni majini, na kwamba anayekataa habari hizo ana upungufu katika imani yake.

Kauli hii ya mwisho ndiyo iliyotusukuma kuandika. Tungeweza kuwaambia watoto waachane na mambo ya upuuzi warudi kwenye kuhifadhi juzuu zao. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hajajibiwa, na swali asilojibiwa na mwalimu wake atalipeleka kwa mtu mwingine. Tumeona bora tuyaangalie matukio yenyewe, yale yaliyovuma zaidi duniani, tuone uchunguzi uligundua nini. Kisha tuseme kwa nini sisi tunaoamini ghaibu tunapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa uvumi wa angani, wala si wa kwanza.

JINA LILIVYOZALIWA

Tarehe 24 Juni 1947 mfanyabiashara mmoja wa Marekani aitwaye Kenneth Arnold alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, katika jimbo la Washington. Akaona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi kubwa mno. Alipotua aliwasimulia waandishi wa habari kwamba vitu hivyo vilikwenda kwa kurukaruka, mfano wa kisahani kinapotupwa juu ya maji.

Zingatieni jambo hili. Bwana huyu alikuwa anaeleza mwendo. Umbo aliloliona, ambalo baadaye alilichora, halikuwa duara kamili la sahani. Lakini magazeti yaliandika "visahani virukavyo", na jina likashika. Katika wiki chache tu mamia ya watu Marekani waliripoti kuona vitu angani, na wengi sasa walisema wameona visahani. Jicho likishaambiwa litafute nini, aghalabu hukipata.

Hili ndilo somo la kwanza. Habari ilianza kwa mtu mmoja aliyesema jambo moja, ikapita mikono miwili tu, na tayari ilikuwa habari nyingine. Wanafunzi wetu wanaosoma elimu ya hadithi wanaelewa kwa nini wanazuoni wetu walishughulika sana na mlolongo wa wapokezi.

ROSWELL: SIRI ILIKUWEPO, LAKINI SI SIRI ILE

Tukio mashuhuri kuliko yote ni la Roswell, katika jimbo la New Mexico. Mwaka huo huo wa 1947 mfugaji mmoja aliokota mabaki shambani kwake: vipande vya mpira, karatasi ngumu, vijiti vyepesi, karatasi ya bati inayong'aa, na utepe wenye michoro ya maua. Tarehe 8 Julai kambi ya jeshi la anga iliyokuwa karibu ilitangaza kwamba imepata "kisahani kirukacho". Muda mfupi baadaye jeshi likageuza kauli na kusema ni puto la kupimia hali ya hewa.

Habari ikalala kwa miaka thelathini hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafufuliwa, na safari hii ikaja na nyongeza: maiti za viumbe wa ajabu, herufi zisizosomeka, na njama ya serikali. Vitabu vikauzwa, filamu zikatengenezwa, na mji wa Roswell ukawa kivutio cha watalii.

Mwaka 1994 jeshi la anga la Marekani lilitoa ripoti yake. Mabaki yale yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul. Wataalamu walikuwa wakirusha mlolongo wa maputo yenye vyombo vya kunasa sauti juu sana angani, ili kusikiliza mshindo wa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Urusi ya Kisovieti. Vioo vya kurudishia mawimbi ya rada vilivyofungwa katika maputo hayo vilitengenezwa kwa vijiti na karatasi ya bati, na vikaunganishwa kwa utepe wenye maua. Utepe huo ulipatikana kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Hayo maua ndiyo yaliyokuja kuitwa herufi za walimwengu wengine!

Hapa tunataka tuwe waadilifu. Wale waliosema kwamba serikali inaficha jambo hawakukosea katika hilo. Ilikuwa inaficha. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kila kinachofichwa ni cha ajabu. Serikali huficha mambo mengi, na mengi katika hayo ni ya kijeshi tu: bomu la adui, ndege mpya, puto la kupelelezea.

RUBANI ALIYEFUKUZA PUTO

Kisa cha pili ni cha huzuni. Tarehe 7 Januari 1948 rubani kijana wa miaka 25, Kapteni Thomas Mantell, aliombwa pamoja na wenzake waliokuwa angani kukiangalia kitu kikubwa kinachong'aa juu ya jimbo la Kentucky. Wenzake walirudi. Yeye alizidi kupanda, akapita futi 20,000 bila ya kuwa na hewa ya oksijeni ya kupumulia. Inaelekea alizimia, na ndege yake ikaanguka. Akafariki.

Uvumi ukaenea kwamba amepigwa na silaha ya wageni wa angani. Jeshi kwanza lilisema huenda alikuwa akiifukuza nyota ya Zuhura. Baadaye ikadhihirika kwamba jeshi la majini la Marekani lilikuwa likirusha maputo makubwa sana ya plastiki yaitwayo Skyhook, yanayopanda mara tatu ya kimo hicho, na hilo ndilo linaloafikiana na maelezo ya walioona. Mradi ulikuwa wa siri, kwa hiyo rubani hakuwa na njia ya kulijua puto hilo. Kijana huyu hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa anatekeleza wajibu wake. Lakini alifukuza kitu ambacho hangeweza kukifikia, na kikamgharimu roho yake.

Miaka michache baadaye, kuanzia 1955, Marekani ilianza kurusha ndege ya kijasusi ya U-2, iliyopaa zaidi ya futi 60,000. Ndege za abiria za wakati ule zilikuwa chini yake mbali sana. Jua linapokuwa limekwisha kuzama kwa rubani wa ndege ya abiria, huko juu bado linawaka, nayo mabawa ya U-2 yalimetameta kama moto. Marubani waliripoti vitu vya ajabu. Shirika la ujasusi la CIA lilikuja kueleza katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1997 kwamba maafisa walijua jawabu, lakini hawakuweza kulisema bila ya kufichua siri yao.

MNARA WA TAA NA MIALI YA JESHI

Tuvuke bahari twende Uingereza. Mwishoni mwa Desemba 1980 askari wa Marekani waliokuwa katika kambi karibu na msitu wa Rendlesham, mkoa wa Suffolk, waliona taa za ajabu baina ya miti. Usiku mwingine naibu kamanda wao, Luteni Kanali Charles Halt, aliingia msituni na kinasa sauti mkononi, na kanda yake ipo mpaka leo. Anasikika akieleza mwanga unaowaka na kuzima upande wa baharini.

Waliochunguza walisimama pale pale na kutazama upande ule ule. Waliona nini? Mnara wa taa wa Orfordness, uliokuwa ukiongoza meli wakati ule, ambao taa yake ilimulika kila baada ya sekunde tano, sawasawa na vipindi vinavyosikika katika kanda. Mwanga mkubwa ulioonekana ukishuka usiku wa kwanza uliafikiana na kimondo kilichoonekana na watu wengine kusini mwa Uingereza muda ule ule. Mashimo yaliyodhaniwa kuwa alama za miguu ya chombo yalitambuliwa na mtu wa misitu kuwa yamechimbwa na sungura, na alama katika miti zilikuwa za shoka, za kuonesha miti itakayokatwa. Askari waliofunzwa waliingia msituni usiku wakiwa na hofu, na hofu ikavikusanya pamoja mnara wa taa, kimondo, sungura na shoka, ikavifanya kuwa chombo kimoja!

Kisa kingine ni cha Phoenix, mji mkubwa wa jimbo la Arizona, tarehe 13 Machi 1997. Watu wengi sana waliona taa juu ya mji wao. Kwa hakika yalikuwa matukio mawili katika usiku mmoja. La kwanza, taa zilizopita zimejipanga kama pembe: kijana mmoja aliyekuwa na darubini alizielekezea darubini yake, akaona kwamba ni ndege zikiruka pamoja. La pili, mnamo saa nne usiku, safu ya taa zilizoning'inia kisha zikazimika moja baada ya moja: hizo zilikuwa miali ya kumulikia, ambayo ndege za jeshi huiangusha kwa miavuli katika mazoezi. Zilionekana kuzimika kwa sababu ziliteremka nyuma ya mlima.

Angalieni tofauti. Maelfu walitazama kwa macho wakastaajabu. Mmoja alitazama kwa darubini akajua. Wingi wa mashahidi haukuzidisha elimu hata kidogo, kwa sababu wote walikuwa mbali na kitu kile kile.

TUKIO LA JIRANI ZETU

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Tarehe 16 Septemba 1994 wanafunzi 62 wa shule ya Ariel iliyoko Ruwa, nchini Zimbabwe, walisema kwamba wakati wa mapumziko, walimu wakiwa kikaoni, waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Kisa hicho kimesimuliwa dunia nzima. Ambalo husimuliwa kwa uchache ni kwamba siku mbili kabla, usiku wa tarehe 14 Septemba, moto mkubwa ulipita katika anga la kusini mwa Afrika na watu wakaushuhudia kwa wingi. Huo ulikuwa mabaki ya roketi ya Urusi yakiungua wakati wa kuingia katika hewa ya dunia. Basi kwa siku mbili redio na majumba yalijaa mazungumzo ya vyombo vya angani. Tena watoto walihojiwa kwa makundi, huyu akimsikia yule.

Hatusemi kwamba watoto wale walisema uongo. Watu wanabishana mpaka leo juu ya walichokiona, na wengi kati yao wameshikilia kauli yao hata ukubwani. Tunachosema ni kwamba ushahidi uliochukuliwa namna ile, baada ya siku mbili za uvumi, hauwezi kubeba uzito wa dai kubwa kama lile. Kadhi hawahoji mashahidi wote wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Na karibu zaidi: tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka mchana katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Wanakijiji waliingiwa na hofu, na wana haki. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, likatangaza kwamba kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi ya kurushia vyombo vya angani. Hiyo ndiyo njia njema: kitu kimeanguka, kikalindwa, wenye elimu wakaitwa, wakasema wanachokijua kwa kadiri wanavyokijua.

Zaidi ya hayo, tangu Mei 2019 kampuni moja ya Marekani imekuwa ikirusha setilaiti za intaneti ziitwazo Starlink, makumi kwa pamoja. Siku za mwanzo baada ya kurushwa huonekana zimefuatana kama shanga katika uzi, hata katika anga la Afrika Mashariki. Na anayeishi karibu na mlima mrefu kama Kilimanjaro huenda akaona wingu la duara lililotulia juu ya kilele mfano wa sahani iliyofunikwa. Ni upepo uliobeba unyevu na kupanda mlima, basi.

MACHO HUKOSEA HATA KWA MTU MWEMA

Watu wengi huuliza: "Je, mnataka kusema fulani ni mwongo?" La hasha. Baina ya ukweli na uongo pana mlango wa tatu, nao ni kukosea. Nyota ya Zuhura, inayong'aa kuliko vyote usiku baada ya mwezi, ukiitazama kwa muda katika kiza bila ya kitu kingine cha kulinganisha, itakuonekea inatikisika. Haikutikisika nyota. Ni jicho lako.

Wanazuoni wetu waliyajua haya zamani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, aliandika Kitab al-Manadhir, kitabu chenye sehemu saba juu ya kuona. Sehemu moja nzima aliifanya ya makosa ya macho na sababu zake: umbali, kiza, udogo wa kitu, wembamba wa mwanga.

Na katika vitabu vya wasifu kimesimuliwa kisa cha sahaba mtukufu Anas bin Malik (R.A.). Alikuwa mzee sana, akiwa pamoja na watu wanaoutafuta mwezi mwandamo. Akasema ameuona, na hakuna mwingine aliyeuona. Iyas bin Muawiya, aliyejulikana kwa werevu na kuwa kadhi wa Basra, alimtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Akaulaza kwa adabu, kisha akamwomba atazame tena. Anas akasema hauoni.

Tazameni adabu iliyomo katika kisa hiki. Iyas hakumwita mzee huyo mwongo, wala hakuikubali kauli kwa sababu ya cheo cha msemaji. Alitafuta sababu, akaipata, na heshima ya mzee ikabaki. Hivyo ndivyo tunavyotaka wanafunzi wetu wawe. Sisi Waislamu tuna mazoea ya kuwahoji mashahidi wa angani. Anayekuja kusema ameona mwezi huulizwa: uliuona wapi? Kulia au kushoto kwa jua lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Uliuona peke yako? Kama tunauliza hivi kwa jambo tunalojua lipo na linakuja kila mwezi, itakuwaje tusiulize lolote kwa jambo ambalo hatujapata kulithibitisha?

"LISEMWALO LIPO"

Atasema msemaji: "Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ina mahali pake, lakini si hoja ya mahakamani. Kwa kipimo hicho hakuna mtu aliyesingiziwa ambaye angesalimika.

Wengine watasema: "Basi yako matukio ambayo hata jeshi lilishindwa kuyaeleza." Ni kweli. Mradi wa jeshi la anga la Marekani ulioitwa Blue Book ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa na taarifa 12,618, na katika hizo 701 hazikupatiwa maelezo. Lakini "hakikutambuliwa" maana yake ni kwamba habari zilizopo hazikutosha. Haina maana ya "kimetambuliwa kuwa ni cha wageni." Polisi asipomkamata mwizi hatusemi mwizi alikuwa jini. Mwezi Machi 2024 ofisi maalumu ya wizara ya ulinzi ya Marekani ilitoa ripoti iliyopitia uchunguzi wa serikali hiyo tangu 1945, ikasema haikupata ushahidi wowote kwamba tukio lolote katika hayo lilihusu teknolojia ya viumbe wa nje ya dunia.

Ama hoja ya majini, hii inatuhusu zaidi. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu na hatuna shaka nako. Vilevile Qur'ani katika Suratush Shura aya ya 29 imetaja viumbe alivyovitawanya Mwenyezi Mungu mbinguni na ardhini, na uwezo Wake hauna mpaka. Lakini kuamini kwamba majini yapo ni jambo moja, na kudai kwamba taa ile pale juu ya mlima ni jini ni jambo jingine. La kwanza tumelipata kwa wahyi. La pili umelipata kwa nani? Imani ya ghaibu imejengwa juu ya habari ya mkweli iliyothibiti. Anayeijaza ghaibu kwa kila uvumi anaichanganya dhahabu na bati, na siku bati litakapojulikana, watoto wake wataitilia shaka na dhahabu.

Mfano wetu mkubwa ni wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume (S.A.W.) akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaelekeza kwenye sala na dua. Fikirini: alikuwa baba aliyefiwa. Watu walisema vile kwa mapenzi. Uvumi ule ungemtukuza mbele za watu. Naye aliukataa siku ile ile. Je, ni nani baada yake atakayesema kwamba uvumi wa angani uachwe tu kwa sababu unawatia watu hofu ya Mungu?

GHARAMA YA KUAMINI OVYO

Huenda mzazi akasema haya ni mazungumzo ya barazani yasiyo na madhara. Mwezi Machi 1997, mji wa Rancho Santa Fe, California, watu 39 wa kikundi kilichoitwa Heaven's Gate walikutwa wamekufa kwa kujitoa roho. Waliamini kwamba chombo cha angani kinafuata nyuma ya nyota yenye mkia ya Hale-Bopp na kwamba kitawachukua. Chanzo kimojawapo cha habari za chombo hicho kilikuwa picha ya mtu mmoja aliyedai ameona kitu karibu na nyota ile. Wataalamu walisema mara moja kwamba ni nyota ya kawaida iliyomo katika orodha za nyota. Jawabu lilikuwepo kwa miezi, nao hawakulitaka.

Huko ndiko mwisho wa njia hii, na wachache hufika. Lakini hata mwanzoni mwake pana madhara. Mtoto anayeogopa anga hatoki nje kwenda sala ya alfajiri. Familia yenye hofu humtafuta wa kuwaondolea hofu, na hofu ina wafanyabiashara wake. Na kijana aliyezoea kuamini picha ya kisahani bila ya kuuliza, kesho ataamini picha inayomsingizia jirani yake, na atampelekea mwenziwe.

NASAHA ZETU

Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na Suratul Israi aya ya 36 imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na ikatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi mwanafunzi ukiletewa habari ya kitu angani, uliza haya:

Nani aliyeona mwenyewe, na nani aliyehadithiwa? Ilikuwa siku gani, saa ngapi, upande gani, na kwa muda gani? Palikuwa na nyota gani upande huo? Palikuwa na ndege, roketi, mazoezi ya jeshi au puto? Picha imetoka kwa nani kwanza? Na baada ya yote, ukikosa jawabu, sema "Allahu a'lam", Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi. Neno hilo halimshushi mtu. Maimamu wetu wakubwa walilisema mbele za watu.

Nanyi wazazi, tunakuombeni jambo jepesi. Usiku wa anga safi tokeni nje na watoto wenu. Waonesheni Zuhura, waonesheni mwezi unavyosogea kila siku, waonesheni setilaiti inayopita kimya kimya baada ya Magharibi. Mtoto anayeijua mbingu yake haitishwi kwa mbingu hiyo. Na atakaposoma aya zinazotuamuru kutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, atakuwa na kitu cha kutafakari kuliko yule aliyefungiwa ndani kwa hofu ya sahani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuoneshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Amin.

Wabillahi tawfiq.